Madini ya risasi kwenye kiwanja kilichokuwa kiwanda: mpime udongo maabara, mlete mashine ya XRF, au mpime damu ya watoto?

Mtu akichimba msingi Dar es Salaam akakuta vipande vya plastiki nyeusi ya betri, udongo wa rangi ya majivu na vibonge vidogo ambavyo ni vizito kuliko vinavyoonekana, asimwache fundi aendelee kabla hajajua palikuwa na nini hapo. Huenda ilikuwa karakana ya betri, yadi ya chuma chakavu, kiwanda cha rangi, au mahali walipoyeyushia risasi ya chubwi za wavuvi. Maeneo yaliyotengwa kwa viwanda kandokando ya Barabara ya Nyerere, Chang'ombe, Keko, Kurasini, Ubungo na Mikocheni yamezungukwa na makazi pande zote. Kiwanda kikifa, yadi hukatwa viwanja, viwanja huuzwa na kuuzwa tena, na mnunuzi wa tatu hajui lolote la miaka ile.

Kinachotia hofu mahali kama hapo ni madini ya risasi, metali yenye sumu. Hayaozi, na mvua haiyasafishi. Yanashikamana na udongo wa juu, na yanaweza kukaa hapo kwa vizazi. Mtoto anayetambaa hapo hupeleka vumbi mdomoni kwa vidole vyake, na mwili wake hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Risasi huharibu ubongo unaokua, hupunguza damu na kuumiza figo, na mara nyingi mtoto haonyeshi dalili yoyote mpaka mwalimu aanze kulalamika kwamba hashiki masomo. Si jambo la mbali na kwetu: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta udongo uliochafuliwa kwa risasi kwenye maeneo ya kuchakata betri katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo.

Wakazi wakishashtuka, hubishana kuhusu njia tatu. Wa kwanza wanataka udongo upelekwe maabara. Wa pili wamesikia kuna mashine ya mkononi, XRF, inayotoa jibu papo hapo. Wa tatu, hasa akina mama wenye watoto wadogo, wanataka damu ipimwe leo hii. Wote wana hoja ya kusikilizwa.

Vigezo vya kulinganishia

Nimeweka vigezo vitano, na kila njia inapita humo humo. Kwanza, inajibu swali gani hasa: hali ya ardhi, au hali ya mtoto? Pili, gharama na muda. Tatu, inakosea wapi. Nne, ina uzito gani mezani kwa afisa mazingira wa manispaa, kwa NEMC (chombo cha taifa cha kusimamia mazingira) au mahakamani. Tano, inamgusa nani: nani anasumbuliwa, na siri ya nani inatoka nje. Kigezo cha kwanza ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine, maana fedha nyingi hupotea watu wanapopima kitu kimoja ili wajibiwe swali la kitu kingine.

Zipo pia namba za kuwa nazo mkononi. Udongo wa kawaida huwa na risasi kati ya miligramu 10 na 50 kwa kilo. Kanuni za Tanzania za ubora wa udongo za mwaka 2007 zimeweka ukomo wa miligramu 200 kwa kilo. Marekani ilikaa miaka mingi na 400 kwa udongo wa makazi, na Januari 2024 ikashuka hadi 200. Jimbo la California hutumia 80. Mkiona jibu limeandikwa ppm, hiyo ni sawasawa na miligramu kwa kilo. Kwa damu kipimo ni mikrogramu kwa desilita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema mtoto akifikisha 5, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Marekani hutumia 3.5 kama alama ya kumfuatilia mtoto. Akifika 45, hilo ni la hospitali na dawa maalumu za kutoa risasi mwilini.

Kabla ya kulipia chochote

Kazi ya kwanza haihitaji mashine wala fedha. Kaeni na wazee wa mtaa, mjumbe wa shina na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha ulizeni: hapa palitengenezwa nini? Taka zilitupwa upande gani? Maji ya kuoshea yalitiririkia wapi? Fundi betri alimwagia wapi asidi? Walinzi wa zamani na vibarua wa kiwanda wanajua zaidi ya mkurugenzi, kwa kuwa wao ndio waliobeba hizo taka. Picha za zamani za setilaiti zinapatikana bure kwenye Google Earth, na mpango kabambe wa jiji wa mwaka 1968 na ule wa 1979 unasaidia kuonyesha maeneo yaliyotengwa kwa viwanda. Chora ramani ya mkono, hata kwenye karatasi ya daftari, uweke alama kila sehemu iliyotajwa.

Na ulizeni kuhusu kifusi. Hili nalisisitiza kwa sababu ni la Dar hasa: viwanja vya mabondeni huinuliwa kwa tripu za kifusi, na anayenunua tripu haulizi kimebomolewa wapi. Kiwanja ambacho hakijawahi kuona kiwanda kinaweza kuwa kimebebeshwa udongo wa kiwanda. Kinyume chake nacho kipo. Ardhi chafu ikimwagiwa kifusi safi cha nusu mita, udongo wa juu utapimwa, utaonekana hauna tatizo, na siku ya kuchimba shimo la choo uchafu wote utapanda juu.

Njia ya kwanza: udongo kwenda maabara

Swali inalojibu. Kuna risasi kiasi gani katika udongo wa mahali hapa, kwa kina hiki. Basi. Haisemi imeingia mwilini mwa nani.

Udongo hukaushwa, huchekechwa, huyeyushwa kwa asidi, kisha husomwa na mashine ya AAS au ICP, ambazo hupima kiasi cha metali. Mahali pa kuulizia ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, maabara za vyuo vikuu kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Sokoine kule Morogoro, na kituo cha madini na jiosayansi kilichoko Kunduchi. Kabla ya kulipa, waulizeni kama wanapima risasi kwenye udongo, kiwango cha chini wanachoweza kukiona ni kipi, na kama jibu litatolewa kwa uzito wa udongo mkavu.

Gharama na muda. Mnalipia kwa kila sampuli, na jibu huchukua siku hadi wiki kadhaa. Kwa kiwanja kimoja ni njia nafuu kuliko zote. Kwa mtaa mzima bili hupanda haraka, na hapo ndipo watu huanza kuchanganya udongo wa sehemu nyingi kwenye mfuko mmoja ili walipie sampuli chache.

Inakosea wapi. Kosa kubwa liko kwenye huo mchanganyiko. Chukulia umechota sehemu kumi uani. Tisa zina 40 kila moja, na ya kumi, pale kwenye kona alipokaa fundi betri, ina 1,200. Ukichanganya kumi zote, maabara itakupa 156. Iko chini ya 200, mtaa mzima unashusha pumzi, na watoto wanaendelea kucheza gololi kwenye ile kona. Maabara haijakosea hata kidogo. Tatizo liko kwenye mfuko mlioipelekea. Kuchanganya kunaruhusiwa, ila changanya udongo wa eneo lenye matumizi na historia moja: uwanja wa kuchezea peke yake, bustani peke yake, mchirizi wa paa peke yake, kona ya karakana peke yake.

Kina nacho kinaamua jibu. Kwa mahali pa kuchezea chota sentimita mbili hadi tatu za juu, kwa kuwa hizo ndizo zinazoshika vidole. Kwa bustani nenda hadi sentimita 15 au 20. Ukitarajia kujenga, chukua na sampuli ya kina cha msingi. Fagia majani na mawe pembeni, tumia mwiko wa fundi uliooshwa na kufutwa kati ya sehemu moja na nyingine, weka udongo kwenye mfuko mpya, andika namba kwa kalamu isiyofutika, piga picha ya shimo ikionekana na kitu cha kutambulika, kama nguzo au kona ya ukuta. Iombeni maabara ichekeche kupata chembe zilizo chini ya milimita 0.15, maana vumbi laini ndilo linalonata mikononi na mara nyingi ndilo lenye risasi nyingi. Na gawanya sampuli moja mara mbili, uzipe namba tofauti bila kuwaambia. Majibu yakikaribiana, mna sababu ya kuiamini orodha nzima.

Uzito wake. Mkubwa, mradi ijulikane nani alichota, nani alibeba, nani alipokea, na saa ngapi. Afisa mazingira akiwepo wakati wa kuchota na kusaini fomu, ni vigumu mtu kuja baadaye kusema udongo uliletwa kutoka kwingine.

Inamgusa nani. Haimchomi mtoto sindano, na hilo ni jambo kubwa. Anayeguswa ni mwenye ardhi, hivyo mpangaji aombe ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha.

Inawafaa wanunuzi wa kiwanja, familia yenye uwanja mmoja, na yeyote anayetafuta karatasi yenye muhuri.

Njia ya pili: mashine ya XRF

Ni kifaa cha mkononi chenye umbo la drili. Kinapiga mionzi ya eksirei kwenye udongo, madini yaliyomo hurudisha mwanga wa aina yake, na baada ya nusu dakika au dakika moja namba hutokea kwenye kioo. Wachimbaji, wanunuzi wa dhahabu na wafanyabiashara wa chuma chakavu wanakifahamu vizuri.

Swali inalojibu. Risasi imekaa wapi? Hapa ndipo inapoishinda maabara. Ile kona ya 1,200 iliyojificha kwenye wastani, XRF ikipita hatua kwa hatua inaiona. Kwa siku moja fundi mzoefu anaweza kupima sehemu nyingi sana na kuwaachia ramani: hapa pana tatizo, hapa hapana, uchafu unaishia kwenye mtaro huu.

Gharama na muda. Kuinunua ni makumi ya mamilioni ya shilingi, si jambo la kikundi cha mtaa. Hukodiwa pamoja na mtu wake, au huja kupitia chuo kikuu, kampuni ya ushauri wa mazingira au mradi wa utafiti. Malipo huwa ya siku, bila kuhesabu idadi ya vipimo, hivyo kwa nyumba moja ni ghali bila sababu na kwa nyumba hamsini inakuwa rahisi kuliko maabara.

Inakosea wapi. Udongo wenye maji huipunguzia namba. Unyevu ukizidi asilimia 20, majibu hayafai kutegemewa bila kukausha kwanza. Kwa hiyo msiiite katikati ya masika. Subirini kiangazi cha Juni hadi Septemba, au mkaushe sampuli. Husoma uso tu wa udongo, kwa hiyo kifusi safi huidanganya kabisa. Udongo wenye arseniki nyingi huweza kuichanganya, kwa sababu alama za arseniki na risasi hukaribiana. Na kuna kosa moja linalotokea mashine ikitoka kwa mnunuzi wa dhahabu au chuma: imepangwa kusoma metali tupu. Mwambieni mwendeshaji awaonyeshe kwamba ameiweka kwenye hali ya kupima udongo, na apime kwanza sampuli ya rejea yenye kiwango kinachojulikana, mbele yenu. Akikataa, msimlipe.

Kwa kuwa inatoa mionzi, umiliki na matumizi yake yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Ulizeni kibali. Watoto wakae mbali, na asitokee mtu wa kushika sampuli mkononi wakati inapigwa.

Uzito wake. Wa kati. Inakubalika kama uchunguzi wa awali, na inapata nguvu mkituma maabara sampuli chache zilezile, tuseme moja kwa kila kumi hadi ishirini, za viwango vya chini, vya kati na vya juu. Namba za mashine zikienda sambamba na za maabara, ramani yote inasimama.

Inamgusa nani. Mtaa mzima, kwa wakati mmoja. Mashine ikifika watu hujaa, namba inasomwa kwa sauti, na kabla ya jioni nyumba fulani imeshapewa jina. Mwenye nyumba anaogopa bei ya kiwanja chake itaporomoka, mpangaji anaogopa kufukuzwa. Kubalianeni mapema kwamba namba zitaandikwa kimyakimya na kila kaya itapewa yake kwanza, mkutano baadaye.

Inawafaa kikundi cha mtaa, shule yenye uwanja mkubwa, na wanaojua uchafu upo ila hawajui mipaka yake.

Njia ya tatu: damu ya watoto

Swali inalojibu. Je, risasi imeingia mwilini mwa mtoto huyu hivi karibuni? Hakuna udongo unaoweza kumjibu mama swali hilo, na ndiyo maana siwezi kuwalaumu wanaotaka kuanzia hapa.

Lakini haisemi risasi imetoka wapi. Mtoto mwenye 9 anaweza kuwa ameipata uani, au kwenye nguo za baba anayefanya kazi ya betri na kuja nazo nyumbani, au kwenye sufuria iliyosubiwa kwa vyuma chakavu, wanja, rangi inayobanduka dirishani, au pemba, ule udongo wa kula, ambao mama mjamzito huununua sokoni. Mkisema "ni kiwanda" kabla ya kuyauliza haya, mtamwondoa mtoto uani na kumrudishia risasi kwenye sahani.

Wala majibu mazuri hayasafishi ardhi. Nusu ya risasi iliyo kwenye damu huondoka kwenye damu kwa takriban mwezi mmoja, nyingine ikahamia mifupani na kukaa miaka. Familia iliyohama miezi mitatu iliyopita inaweza kuonekana salama. Mtoto wa miezi mitano ambaye bado anabebwa mgongoni hajaanza kugusa sakafu. Akianza kutambaa mambo hubadilika. Viwango hupanda zaidi kati ya mwaka mmoja na miwili, kwa hiyo kama mna nafasi chache za vipimo, anzeni na wa umri huo, kisha wengine chini ya miaka sita, pamoja na wajawazito, kwa kuwa risasi hupita hadi kwa mtoto tumboni.

Gharama na muda. Mashine ndogo za mezani zinazotumia tone la kidole hutoa jibu kwa dakika chache. Damu ya mshipa kwenda maabara kubwa huchukua muda mrefu zaidi. Si kila hospitali ina huduma hii, hivyo ulizeni kabla ya kupanda daladala na mtoto. Mfahamu pia kwamba kipimo cha kawaida cha damu, kile kinachoitwa FBP, hakipimi risasi. Mzazi anaweza kuambiwa "damu iko vizuri" na risasi haijaguswa kabisa. Itajeni kwa jina: kipimo cha madini ya risasi kwenye damu.

Inakosea wapi. Kidole chenye vumbi hupandisha jibu. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ikaushwe kwa kitu safi, na mtoto asiguse chochote kabla ya kuchomwa. Jibu la kidole likiwa juu, lithibitishwe kwa damu ya mshipa iliyowekwa kwenye chupa maalumu zisizo na risasi.

Uzito wake. Hakuna kinachowaamsha viongozi kama majibu ya watoto. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri walipambana miaka mingi, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Kenya iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Damu iliyosimama pamoja na udongo ni ushahidi mzito. Damu peke yake humpa wakili wa upande wa pili njia rahisi ya kuuliza: mtoto huyu alikula nini kingine?

Inamgusa nani. Mtoto, moja kwa moja. Na hapa nina msimamo: mtoto asifanywe chombo cha kupimia ardhi. Kama swali lenu ni kuhusu kiwanja, pimeni kiwanja. Damu ichukuliwe kwa faida ya mtoto mwenyewe, kwa ridhaa ya mzazi, na kabla ya sindano ijulikane nani atamwona daktari jibu likiwa baya. Jina na namba yake visionekane kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, hata kwa nia njema.

Inawafaa familia zenye watoto wadogo waliokwisha kukaa mahali palipothibitika kuwa pachafu, wajawazito wa eneo hilo, na wafanyakazi wa betri na chuma chakavu pamoja na watoto wao.

Kuchagua kwa kuangalia hali yenu

Unanunua kiwanja. Udongo maabara unatosha. Chota uso na kina cha msingi, kona mbalimbali, kila moja na mfuko wake. Mwombe muuzaji akuruhusu kabla ya kulipa fedha ya kwanza, na akikataa udongo usipimwe hata kidogo, fikiria tena.

Mmehamia tayari, mna watoto, na historia ya mahali inatia shaka. Udongo wa pale wanapochezea upelekwe kwanza. Ukizidi 200, au ukikaribia, watoto wapimwe damu bila kungoja kikao kingine.

Karakana ya kuyeyusha betri ipo jirani na inafanya kazi hadi sasa. Hapa mpangilio unageuka: damu kwanza, udongo ufuate. Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Betri zilikuwa zimechakatwa hapo kwa miaka. Bei ya risasi ilipopanda, watu walianza kuchimba na kuchekecha mchanga ule kutafuta mabaki, wakaupeleka hadi majumbani. Mahali pa namna hiyo kila wiki ya kusubiri maabara ni wiki ya vumbi kifuani mwa mtoto. Na kwa sababu hiyo hiyo, msichimbe wala kukusanya udongo wenye shaka wenyewe. Ufunikeni, wekeni uzio, na waiteni wataalamu.

Mtaa mzima au shule. XRF, baada ya ile ramani ya wazee, pamoja na sampuli za uthibitisho maabara. Damu ipangwe na mganga wa wilaya baada ya kuonekana nyumba zipi ziko kwenye eneo la juu.

Mnalima mchicha au matembele kando ya mto au kwenye yadi ya zamani. Udongo wa kina cha mizizi uende maabara, na mboga zenyewe zipimwe zikiwa zimeoshwa na zisizooshwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya risasi ya mboga za majani inaweza kuwa ni vumbi la juu. Mafuriko huhamisha tope. Jibu la mwaka juzi kwa bonde la Msimbazi si jibu la leo.

Mnataka mamlaka zichukue hatua. Anzeni kwa barua kwa mtendaji wa mtaa na afisa mazingira wa manispaa, nakala NEMC, mkiambatanisha majibu ya maabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinampa haki ya kwenda mahakamani kuidai. Si maneno ya kwenye karatasi tu: wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kuhusu dampo lililokuwa likiwachoma kwa moshi, wakashinda, na hiyo ilikuwa kabla sheria hii haijatungwa. Kwa njia hii maabara haikwepeki, na uwepo wa afisa wakati wa kuchota una thamani kuliko sampuli ishirini mlizochota peke yenu.

Hamna fedha ya kipimo chochote kwa sasa. Lalamikeni kwa maandishi hata hivyo, na leo hii anzeni yafuatayo. Pigeni deki kwa maji badala ya kufagia vumbi. Viatu viishie mlangoni. Mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, na midoli yao pia. Ile kona mnayoishuku ifunikwe kwa zege, kokoto au udongo safi mliojua umetoka wapi, na mchezo uhamishiwe upande mwingine. Nguo za kazi ya betri zisifuliwe na za mtoto. Mpeni mtoto dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa mnavyoweza, maana mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Maji ya kunywa kuchemshwa hakutoi risasi. Kunaua vijidudu tu.